Sigara ya Kielektroniki: Jinsi Ilivyofunguka, Kisha Ikafungwa Tena

Mnamo 2022 ungeweza kununua sigara ya kielektroniki ya kutupwa yenye jina la Elf Bar jijini London, na nyingine ya jina hilohilo Marekani, zote zikitoka Shenzhen, kusini mwa China. Ya London ilibeba mililita 2 za kimiminika, na kila mililita ilikuwa na miligramu 20 za nikotini. Ile ya Marekani, iliyoitwa BC5000, ilibeba mililita 13, kila mililita ikiwa na takriban miligramu 50. Ukizidisha unapata miligramu 40 huku na 650 kule. Tofauti hiyo inazidi mara 16, na vifaa vyote viwili vinaenea kwenye kiganja.

Kilichovitofautisha ni sheria. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mililita 2 na miligramu 20 kwa agizo la 2014 lililoanza kutumika Mei 2016, na Uingereza ikakibakiza hata baada ya kujitoa. Marekani haikuwahi kuweka kikomo cha aina hiyo. Viwanda vilevile vikatengeneza umbo moja kwa soko hili na umbo jingine kwa soko lile.

Historia ya vifaa hivi husimuliwa mara nyingi kama safari ya teknolojia inayoboreka mwaka hadi mwaka. Mimi naisoma vingine. Kila umbo jipya limezaliwa kujibu mambo mawili: mwili wa mvutaji unaodai nikotini ifike haraka, na sheria inayojaribu kuweka mipaka. Katikati yake kuna swali ninaloliona kubwa kuliko yote: nani anaamua kipimo, mvutaji au kiwanda? Kwa miaka kadhaa uamuzi huo ulisogea polepole kuelekea kwa mvutaji. Kuanzia 2015 ukarudishwa kiwandani, na hapo ndipo vijana waliokuwa hawajawahi kugusa sigara walipoanza kunaswa.

Vilivyomo ndani

Ukikifungua karibu kifaa chochote cha aina hii, utakuta vitu vilevile vitatu: betri, koili na kimiminika. Betri hupeleka umeme kwenye koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa. Waya hupata moto. Umeshikana na utambi wa pamba au nyuzi nyingine, na utambi huo hufyonza kimiminika kama utambi wa kibatari unavyofyonza mafuta ya taa. Kimiminika kikifika kwenye waya hugeuka mvuke, mvuke ukikutana na hewa baridi hugandamana kuwa matone madogo mno, na hayo matone ndiyo yanayoingia mapafuni.

Wengi huamini kwamba kinachotoka ni mvuke wa maji. Sivyo. Kimiminika chenyewe ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, pamoja na ladha na kwa kawaida nikotini. Gliserini ndiyo inayotengeneza wingu zito. Propilini glaikoli hubeba ladha na kukwaruza koo kidogo. Kwa kuwa hakuna kitu kinachoungua, hakuna jivu, hakuna lami, na ile hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye tumbaku inayowaka karibu haipo. Hiyo ndiyo faida halisi ya kifaa hiki kwa mtu ambaye tayari anavuta sigara, na ni haki kuitaja wazi. Lakini kwa mtu ambaye havuti kabisa, faida hiyo haimhusu hata chembe: yeye anaongeza tu kitu mapafuni ambacho hakikuwapo.

Kuna sehemu ya nne ambayo mtumiaji haioni. Vifaa vingi havina kitufe. Ukivuta tu, vinawaka. Ndani yake kuna kihisi kidogo kilichoundwa kwa namna ya maikrofoni ya simu. Unapovuta, shinikizo la hewa hushuka, utando wa kihisi hutikisika, na saketi hufungulia umeme. Sehemu hiyo ya bei rahisi imebeba mzigo mkubwa katika historia hii, kwa sababu ndiyo iliyoondoa ulazima wa kujifunza chochote kabla ya kuanza kuvuta.

Wazo lililosubiri betri

Wazo ni la zamani. Mmarekani Joseph Robinson alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kifaa cha umeme cha kuvuta mvuke mwaka 1930, na haijulikani kwamba kiliwahi kuuzwa. Mwaka 1965 Herbert Gilbert wa Pennsylvania alipata hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku: ilipasha hewa yenye unyevu na ladha kwa betri, tena bila nikotini. Alizungukia makampuni, hakupata wa kuitengeneza. Katika miaka ya 1980 kikaja kifaa kiitwacho Favor, kipande cha plastiki chenye karatasi iliyolowekwa nikotini ambayo mtu aliivuta bila joto lolote. Nacho hakikudumu.

Kilichokosekana kwa Gilbert ni chanzo cha umeme chenye nguvu na umbo dogo. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa iliingia sokoni kupitia Sony mwaka 1991, kwa ajili ya vifaa kama kamera za video na simu. Bei iliposhuka na viwanda vya kusini mwa China vilipoanza kuzimwaga kwa mamilioni, lile wazo la 1965 likawezekana.

Aliyelifikisha sokoni ni Hon Lik, mfamasia wa Liaoning, kaskazini-mashariki mwa China, mvutaji mkubwa ambaye baba yake, naye mvutaji, alikufa kwa saratani ya mapafu. Alikuwa amejaribu vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi. Vibandiko hupeleka nikotini kidogokidogo mchana kutwa, lakini havitoi ule mshtuko wa haraka ambao mwili wa mvutaji umeuzoea. Aliandikisha hataza yake mwaka 2003, na mwaka uliofuata bidhaa ikaanza kuuzwa China kwa jina la Ruyan. Muundo wake wa kwanza ulitumia mitetemo ya sauti isiyosikika kukipasua kimiminika kuwa matone. Waliofuata wakagundua kwamba waya wa moto ni rahisi zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi, na waya ndio uliobaki. Mwaka 2013 kampuni ya Imperial Tobacco ya Uingereza ilizinunua hataza hizo kwa dola milioni 75.

Kizazi hiki cha kwanza kiliiga sigara kwa kila namna. Kijiti cheupe, ncha ya rangi ya chungwa mdomoni, na taa ndogo upande wa pili iliyowaka kila unapovuta. Kilipofika Ulaya na Marekani kati ya 2006 na 2007 kiliwavutia waliotaka kuacha, na kiliwavunja moyo wengi wao. Betri nyembamba ilikufa upesi, sifongo la kimiminika lilikauka, na nikotini iliyofika kwenye damu ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2010 watafiti wa Virginia walipima damu ya wavutaji waliopewa vifaa viwili vya wakati huo na wakakuta nikotini haijapanda kwa kiasi cha maana. Kifaa kilifanana na sigara kwa sura tu.

Mwaka huohuo, Desemba, mahakama ya rufaa ya Washington ilitoa uamuzi ambao watu wachache huukumbuka ingawa ndio uliofungua mlango. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitaka kuvidhibiti vifaa hivi kama dawa, jambo ambalo lingemlazimu kila mtengenezaji athibitishe usalama kabla ya kuuza. Mahakama ilisema havistahili kuhesabiwa dawa iwapo muuzaji hadai kwamba vinatibu. Vihesabiwe bidhaa za tumbaku. FDA ilichukua hadi Agosti 2016 kuanza kutumia mamlaka hayo. Karibu miaka sita ikapita ambapo mtu yeyote aliweza kubuni chochote na kukiuza. Karibu kila kitu unachokiona leo kilibuniwa katika pengo hilo.

Wavutaji waliposhika bisibisi

Watu waliokuwa wanajaribu kuacha sigara hawakusubiri viwanda. Huko Uingereza, mwaka 2008, Ted na Matt Rogers walitengeneza kifaa chenye umbo la mpini wa bisibisi, chenye betri kubwa kuliko ile ya kijiti cheupe. Wengine walichukua ganda la tochi, wakalitia betri, wakafunga koili juu yake. Sura ya sigara ikatupwa. Kilichotakiwa ni nguvu ya kutosha siku nzima.

Viwanda vya Shenzhen vikafuata. Joyetech ilitoa modeli iliyoitwa 510, ambayo hesi zake za kufungia betri na sehemu ya juu zilienea hadi zikawa kiwango cha soko zima. Ikafuatiwa na eGo, betri nene yenye kitufe, na juu yake tangi la plastiki angavu ambalo mtu aliona kimiminika kilichobaki na kujaza mwenyewe kutoka kwenye chupa. Jambo hili linaonekana dogo, ila ndilo kiini cha simulizi yote. Mtu mwenye chupa huchagua nguvu ya nikotini. Anaweza kuanza na miligramu 18 kwa kila mililita, ashuke hadi 12, kisha 6, kisha 3, kisha sifuri, huku akitumia kifaa kilekile. Kipimo kilikuwa mikononi mwake, na kushuka kulikuwa kumejengwa ndani ya muundo wenyewe.

Ushahidi wenye nguvu kwamba vifaa hivi vinaweza kumsaidia mtu kuacha sigara unatokana na kizazi hiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kundi la mtafiti Peter Hajek uliwagawa wavutaji 886 waliokuwa wakihudhuria huduma za kuacha sigara Uingereza. Nusu walipewa vibandiko na dawa nyingine za nikotini, nusu wakapewa kifaa cha kujaza na chupa moja ya kuanzia. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa kifaa walikuwa hawavuti sigara tena, dhidi ya asilimia 9.9 ya wale wengine. Nasisitiza aina ya kifaa kwa sababu matokeo haya hutajwa na wauzaji wa vitu tofauti kabisa, kana kwamba neno moja, vepu, linatosha kuvijumlisha vyote.

Uhuru ulikuwa na hatari zake. Baada ya 2011 vilikuja vifaa vikubwa vya chuma vyenye betri za 18650, zile nene zilizokuwa ndani ya kompyuta za mkononi. Watumiaji walianza kusokota koili zao wenyewe, na hapa hesabu ya shule inakuwa suala la uhai. Nguvu ya joto, kwa wati, ni volti kuzidishwa kwa zenyewe, kisha kugawanywa kwa ukinzani wa waya. Kwa betri ya volti 3.7, koili ya omu 2 hutoa karibu wati 7. Ishushe hadi omu 0.5, inakuwa wati 27. Ishushe hadi 0.2, inakuwa wati 68, na umeme unaotoka kwenye betri unafika ampea 18.5. Betri nyingi za kawaida hazikutengenezwa kuhimili hivyo. Vile vifaa visivyo na saketi yoyote ya kinga, ambavyo kitufe huunganisha betri na waya moja kwa moja, vililipuka midomoni na mifukoni mwa watu. Mei 2018 mtu mmoja alikufa Florida, na Januari 2019 mwingine Texas.

Joto kupita kiasi lina madhara mengine ya kimyakimya. Utambi ukikauka huku waya unawaka, gliserini huvunjikavunjika na kutoa kemikali, mojawapo fomaldehidi. Mwaka 2014 kampuni ya Evolv ya Marekani ilitoa saketi iliyotatua sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa njia ya werevu sana. Ukinzani wa waya wa nikeli hupanda kadiri unavyopata moto, basi saketi hiyo hupima ukinzani mara nyingi kwa sekunde, inajua joto la waya bila kipimajoto, na hukata umeme kabla utambi haujaungua. Huu ni uhandisi wa kumlinda mtu. Uliwafikia wachache, kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa ghali na vilihitaji kujifunza.

Chumvi iliyoondoa kizuizi

Adam Bowen na James Monsees walikutana Chuo Kikuu cha Stanford wakisomea ubunifu wa bidhaa. Juni 2015 kampuni yao, Pax Labs, ilitoa Juul. Kwa macho ilikuwa kijiti bapa kilichofanana na flashi ya kompyuta, kikichajiwa kwenye tundu la USB. Hakikuwa na kitufe wala mpangilio wa wati, na hakikuwa na tangi la kujaza. Unachomeka katriji iliyofungwa kiwandani, unavuta, ikiisha unatupa na kununua nyingine.

Mabadiliko makubwa hayakuwa kwenye sura, yalikuwa kwenye kemia. Nikotini ya kawaida ya kwenye chupa iko katika hali ya besi (kinyume cha asidi), na ikizidi hukwaruza koo vibaya. Ndiyo sababu watumiaji wa vifaa vikubwa walishuka hadi miligramu 3 au 6: wingu kubwa lenye nikotini nyingi halivutiki. Koo lenyewe lilikuwa kizuizi cha asili. Juul waliichanganya nikotini na asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini, na ukali ukatulia. Katriji ya mililita 0.7 iliweza kubeba takriban miligramu 59 kwa kila mililita, na mtu ambaye hajawahi kuvuta chochote akaivuta bila kukohoa. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa katriji moja inakaribia pakiti nzima ya sigara.

Kwa mvutaji wa miaka thelathini, huu ulikuwa muundo ambao hatimaye ulimpa kitu kinachokaribia sigara bila moshi. Siupuuzi ukweli huo. Lakini sifa zilezile zilizomfaa yeye, yaani ulaini kooni, umbo la kuficha kwenye mkoba wa shule, harufu inayotoweka upesi na kutohitaji ujuzi wowote, zilimfaa mtoto wa miaka 15 zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa Marekani, wanafunzi wa sekondari waliosema wametumia sigara ya kielektroniki ndani ya siku 30 zilizopita walikuwa asilimia 11.7 mwaka 2017. Mwaka 2018 walifika 20.8, na 2019 wakafika 27.5. Mwezi Desemba 2018 Altria, watengenezaji wa Marlboro, walikuwa wamenunua asilimia 35 ya Juul kwa dola bilioni 12.8.

Sasa linganisha na ile chupa. Mwenye Juul Marekani hakuwa na ngazi ya kushukia kutoka miligramu 18 hadi sifuri. Kwa muda mrefu kulikuwa na nguvu moja tu, asilimia 5 (ndiyo ile ya miligramu 59), na ile ya asilimia 3 ilikuja baadaye. Anayetaka kupunguza angeweza tu kuvuta mara chache, na hilo ndilo jambo ambalo nikotini humzuia mtu kulifanya.

Mwaka 2019 kulizuka ugonjwa mkali wa mapafu Marekani. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, waliokufa wakiwa 68. Watu wengi waliuhesabu kama kosa la vepu za nikotini. Uchunguzi ulielekeza kwingine: kwenye katriji za mafuta ya bangi, nyingi za magendo, zilizoongezwa asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito. Katriji hizo zilitumia zilezile hesi za 510. Kiwango kilichobuniwa ili wavutaji wabadilishane betri na matangi kwa urahisi kilikuwa kimeazimwa na soko ambalo hakuna aliyelikagua.

Kutupwa

Serikali ya Marekani ilipochukua hatua, ililenga umbo. Februari 2020 FDA ilianza kuziondoa sokoni katriji za ladha za matunda na pipi, zile za kuchomekwa kwenye kifaa kama Juul. Vifaa vya kutupwa, ambavyo kimiminika, koili na betri vimefungwa pamoja, vikaachwa nje ya kipaumbele hicho. Ndani ya miezi Puff Bar ikajaa madukani, kila ladha ikiwa imerudi. FDA ilipoifuata, mwaka 2021 ilirudi sokoni ikisema nikotini yake sasa imetengenezwa maabara na haikutoka kwenye tumbaku, kwa hiyo si bidhaa ya tumbaku kisheria. Bunge lilihitaji kubadilisha sheria, Machi 2022, ili kuliziba tundu hilo. Kufikia wakati huo Elf Bar ilikuwa imeshaingia sokoni.

Kwa upande wa ufundi, vya kutupwa vilinufaika na maboresho ya miaka yote iliyotangulia. Waya wa duara ulibadilishwa kuwa wavu mwembamba wa chuma, ambao hupata moto kwa usawa na kutoa ladha nyingi kwa wati chache. Wengine wakatumia koili iliyozikwa ndani ya kauri yenye vitundu. Chumvi ya nikotini ikawa kawaida. Lakini kinga ya joto iliyobuniwa kwa vifaa ghali haikuhamia kwenye kila kijiti cha bei ya chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima vifaa vya kutupwa vilivyopendwa Marekani, na katika ripoti yao ya 2025 walieleza kwamba kimojawapo kilitoa madini mengi zaidi ya risasi kwa siku moja ya matumizi kuliko karibu pakiti 20 za sigara. Risasi hiyo ilitoka kwenye sehemu za aloi zilizogusana na kimiminika muda wote kifaa kilipokuwa ghalani. Katika kifaa cha kufunguliwa, sehemu kama hiyo ungeiona na kuibadilisha.

Halafu kuna betri. Kifaa cha mililita 2 cha Uingereza kilikuwa na betri ya lithiamu ya takriban mAh 550 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), betri kamili inayoweza kuchajiwa mamia ya mara. Kiwanda hakikuweka tundu la chaji. Kimiminika kikiisha, betri nzima hutupwa. Mwaka 2023 shirika la Material Focus la Uingereza lilikadiria kuwa vepu milioni 5 za kutupwa zilikuwa zikitupwa kila wiki nchini humo, nyingine zikiwasha moto ndani ya magari ya taka.

Betri nyingi za lithiamu za aina hii hutumia kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Kolwezi na Likasi ni miji inayozungumza Kiswahili. Sehemu ya madini hayo huchimbwa kwa mikono na wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye mashimo bila nguzo wala kinga. Kilo kwa kilo, jasho lao huishia kwenye simu na magari ya umeme yatakayotumika miaka. Gramu nyingine ziliishia kwenye kijiti cha ladha ya tikitimaji kilichovutwa siku mbili na kutupwa kando ya kituo cha basi. Nashindwa kuona muundo huo kama suala la afya ya mvutaji peke yake.

Sheria inapobadilika, umbo linabadilika

Ubelgiji ilipiga marufuku vepu za kutupwa tangu 1 Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, na Uingereza tarehe 1 Juni. Sheria ya Uingereza inataka kifaa kichajike na pia kijazike au kibadilishwe katriji. Majina yaleyale yakarudi madukani yakiwa na tundu la USB-C na katriji ya kuchomoa. Vingine vilikuwa vimeshakuja na katriji nne za mililita 2 zinazozungushwa moja baada ya nyingine ndani ya ganda moja, au na chupa ndogo ya mililita 10 inayojaza tangi la mililita 2 taratibu. Kila katriji na kila tangi vinatii kikomo cha mililita 2. Jumla yake ni mara kadhaa ya kile kikomo kilikusudia. Marekani, ambako hakuna kikomo, wamefika kwenye vifaa vyenye skrini za rangi vinavyotangaza maelfu kwa maelfu ya mivuto.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku mifumo ya kielektroniki ya kupeleka nikotini kwa ujumla wake, pamoja na shisha. Oman nayo iliimarisha marufuku ya biashara ya vifaa hivi mwaka 2023. Unaweza kubishana kama marufuku kamili inawanyima wavutaji njia ya kutokea, na ubishi huo una msingi, hasa ukikumbuka ule utafiti wa Hajek. Lakini kwa upande wa uandishi wa sheria, waliolenga kazi ya kifaa hawakulazimika kurudi bungeni kila umbo lilipobadilika. Sheria ya tumbaku ya Tanzania ni ya 2003 na ya Kenya ni ya 2007, zote zikiwa zimetungwa wakati mtu alipofikiria tumbaku, alifikiria kitu kinachowashwa kwa kiberiti.

Jaribio linalofuata liko Uingereza, nalo ni kodi. Kuanzia 1 Oktoba 2026 kila mililita 10 za kimiminika zimepangiwa kodi ya pauni 2.20. Pendekezo la awali, la Machi 2024, lilikuwa na viwango vitatu kulingana na nguvu ya nikotini; serikali ikaviacha na kuchagua kiwango kimoja kwa ujazo, hata kwa kimiminika kisicho na nikotini. Fuatisha hesabu hiyo uone inakoelekea. Mtu anayetumia kifaa kikubwa na kimiminika cha miligramu 3, akimaliza mililita 10 kwa siku, atalipiwa pauni 2.20 kila siku kwa miligramu 30 za nikotini. Mwenye katriji ya mililita 2 yenye miligramu 20 atalipiwa senti 44 za pauni kwa miligramu 40. Anayeshuka ngazi kuelekea sifuri ndiye atakayebeba kodi kubwa kwa kila miligramu, na mtengenezaji yeyote anayejua kuzidisha atabuni kifaa kidogo zaidi, kilichofungwa, chenye nikotini iliyofika kwenye kikomo.